Nilikwenda Kusoma, Nikalelewa

Watu wa kutoa ushauri wa bure wana msemo wanaoupenda kuliko yote: ukitaka kujua lugha ya watu, nenda ukakae nao. Mimi niliwasikiliza. Nikatoka Kwala, mkoa wa Pwani, nikaenda hadi Voronezh, Urusi, nikakaa na wenyewe. Lugha nimeipata, sibishi. Lakini hakuna aliyenidokeza kwamba Mrusi akikupokea nyumbani kwake hakuhesabu mgeni wala mpangaji. Anakuhesabu mtoto aliyecheleweshwa kulelewa.

Wazo lenyewe lilitoka kwa binamu yangu aliyekuwa anafanya kazi hotelini Nungwi. Wakati wa Uviko, nchi nyingi zilipofunga milango, Zanzibar iliacha wazi, na Warusi wakamiminika. Mwanzoni mwa 2021 ukitembea ufukweni ulisikia Kirusi kuliko Kiswahili. Binamu akanipigia simu: "Hawa jamaa Kiingereza hawataki hata kukisikia. Anayejua lugha yao hapa anashinda anahesabu bakshishi." Nikatafuta kozi ya mwaka mmoja ya Kirusi kwa wageni, mjomba akauza ng'ombe wawili wa nauli na ada, safari ikaiva.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Mlandizi kumpa shikamoo mzee mmoja, bwana kilimo mstaafu, aliyesoma Moscow miaka ya sabini, kwenye chuo kile kilichofunguliwa 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Nilitaka baraka na nasaha.

"Mjukuu wangu," akasema, "usikae bwenini. Mimi nililala chumba kimoja na Wakuba wawili. Nilirudi hapa najua kucheza rumba, na Warusi wenyewe walikuwa wananiuliza Havana ni sehemu gani ya Tanganyika. Kaa na familia."

Nikakaa na familia.

Walikuwa wanaishi ghorofa ya tano, lifti hakuna, vyumba viwili. Humo tulijibana Bibi, mwanawe dereva wa basi, mkwe wake, mjukuu wa kiume wa darasa la tatu, paka mnene asiyejua kazi ya paka, na mimi. Majengo ya aina hiyo yalijengwa kwa maelfu enzi za Khrushchev, na kuta zake ni za kuombea dua: jirani akipiga chafya, adabu inakutaka umwambie afya.

Bibi hakuitwa kwa jina tupu. Unataja jina lake na la baba yake kwa mpigo, sawa na wazee wetu walivyokuwa wanamwita mtu Mwajuma binti Salumu. Hilo halikunipa shida hata kidogo. Shida ilianzia mlangoni, pale aliponikagua miguu kabla ya uso. Kuvua viatu najua, Kwala hakuna anayekanyaga mkeka wa watu na viatu. Ila kule ukivua unavalishwa vingine, ndara za ndani, na ndara za wageni katika nyumba ile zilikuwa za pinki, zina manyoya, na kisigino changu kilibaki nje kinasaga sakafu. Nilizivaa mpaka naondoka. Fundi bomba alikuja akanikuta nimezivaa, akanisalimia kwa heshima zote kana kwamba haoni kitu. Angecheka ningemsamehe.

Neno la kwanza la Kirusi nililolielewa bila kamusi ni "Kushai!", yaani kula. Neno la pili ni "Shapka!", yaani kofia. Kwa miezi mingi mazungumzo yetu hayakutoka nje ya maneno hayo mawili. Nikiingia, kushai. Nikitoka, shapka. Nikiwa nasoma kimya kwenye kona yangu, sahani ilinifuata na kutua juu ya daftari.

Na chakula chenyewe kina itifaki. Kwanza supu, kisha chakula cha pili, kisha chai na jemu, na mkate unasindikiza vyote hivyo, hata pale chakula chenyewe ni tambi. Juu ya kila kitu linamwagwa donge la malai ya mgando, na ukikataa Bibi anatazama ukutani kama anayefikiria wosia. Usiku wa Mwaka Mpya, ambao kwao ni sikukuu kubwa kuliko Krismasi yao ya Januari 7, aliweka mezani sahani ya mchuzi wa nyama uliogandishwa makusudi hadi ukawa unatetemeka, ukikatwa kwa kisu. Kwetu mchuzi ukifika hali hiyo, mama anaurudisha jikoni na kuomba radhi. Kule wanaupigia makofi.

Kulikuwa pia na suala la nguruwe. Nilimweleza Bibi siku ya kwanza kwamba mimi ni Mwislamu na mnyama huyo simli. Akaitikia kwa kichwa, ameelewa vizuri sana. Jioni nikakuta kitu chekundu chenye mafuta kinanisubiri sahanini.

"Bibi, huyu si nguruwe?"

"Nguruwe wapi!" akaapa, mkono kifuani. "Hiyo ni soseji."

Ilibidi mkwe wake achore picha. Tangu hapo Bibi akawa mkali kuliko shehe yeyote wa Vigwaza. Alikuwa anamhoji muuza nyama ukoo wa kila kipande, foleni nyuma yetu inaguna, halafu ananigeukia kwa sauti ya duka zima: "Hii unaruhusiwa!" Wateja wote wakageuka kumtazama niliyeruhusiwa.

Njaa ya ugali ikanishika. Wanafunzi wa Kiafrika walioko Urusi wanajua dawa yake: chenga za ngano wanazopikia watoto uji, wenyewe wanaziita manka. Siku moja nikazikuta kabatini. Nikachemsha maji, nikatia, nikaanza kusonga. Bibi akaja akasimama nyuma yangu. Ulipoanza kuwa mzito akasema basi, inatosha. Nikaongeza. Akasema utaungua. Nikaongeza tena, nikaukandamiza ukutani mwa sufuria kwa mwiko wake mwembamba wa kukorogea jemu, mpini ukakatika. Nilipoupindua kwenye sahani nao ukasimama wenyewe, Bibi akavuta kiti akakaa. Amepika uji huo tangu ujana wake, haujawahi kusimama. Nikamega tonge, nikatoboa shimo kwa dole gumba, nikachota mchuzi wa kabichi. Mjukuu akasogea, akaomba kujaribu, akapenda. Wiki iliyofuata mwalimu wake aliita mzazi kuuliza kwa nini mtoto anakula uji kwa mkono shuleni. Lawama zote zikaelekezwa Kwala.

Baridi ya Voronezh haikunitesa kama kinga zake. Nje inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini ndani unakaa na singlendi, jasho linakutoka, na huna pa kupunguzia. Joto lile huwashwa kwa mji mzima kwa pamoja, wastani wa siku ukishashuka chini ya nyuzi 8 kwa siku tano mfululizo, na likishawashwa limewashwa. Ukitaka hewa unafungua dirisha dogo. Ukifungua dirisha dogo wakati mlango uko wazi, umemwua Bibi. Upepo unaopita kati ya mlango na dirisha, kwa imani yake, unaleta mafua, shingo kukaza, figo na umaskini. Nilijaribu kumweleza kwamba kwetu fundi akikujengea nyumba ambayo dirisha na mlango havitazamani, humalizii hela yake. Akanifunga skafu.

Majira yale nilikaa ndani kama mwali wa Kizaramo, nanenepeshwa na kufundwa kutwa, tofauti ni kwamba hakuna aliyekuja kuniposa.

Miiko nayo haikuisha. Usipige mluzi ndani, hela zitatoka. Usimpe mtu mkono akiwa upande wa pili wa kizingiti. Ukisahau kitu ukarudi, jitazame kwenye kioo kabla ya kutoka tena. Mkiwa mnasafiri, wote mkae kimya kwanza, hata kama basi linawaacha. Mimi nina shangazi Maneromango, kule Kisarawe, ambaye ukipiga mluzi usiku anakwambia unamwita nyoka. Nilidhani nikienda mbali nitapumua. Nikapanda ndege mbili na treni ya kilomita zaidi ya 500 kutoka Moscow, nikamkuta shangazi amenitangulia, amevaa gauni la maua na anaongea Kirusi.

Darasani kulikuwa na mwalimu wa kweli, mwenye vitabu. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba jina katika Kirusi lina mikao sita, na kila mkao unabadilisha mkia. Mswahili mwenye ngeli zake hana haki ya kulalamika, lakini nitalalamika: sisi angalau tunabadilisha vichwa, unajua mapema unaingia wapi. Mrusi anakuacha ufike mwisho wa neno ndipo akuumbue. Kitenzi cha kwenda nacho ni balaa. Ukienda kwa miguu ni kitenzi kimoja, ukipanda chombo ni kingine, na vyote viwili vinageuka ukienda na kurudi. Sasa mtu wa Kwala afanye nini? Kufika Mlandizi natembea hadi barabarani, napanda bodaboda mpaka Vigwaza, kisha daladala. Kwetu hapo nimekwenda tu. Mwalimu alipodai nieleze safari hiyo kwa ukamilifu, kipindi kiliisha sijafika Vigwaza.

Nyumbani mafunzo yaliendelea bila kengele. Bibi alikuwa ananisahihisha nikiwa chooni. Nikijibu kupitia mlangoni kwamba natoka sasa hivi, sauti yake inarudi na mkia sahihi wa neno, na hatoki pale mpaka niurudie. Nashukuru, maana kuna waliopata mabaya zaidi. Jamaa mmoja wa Bujumbura alipangiwa kwa mjane mwenye mabinti watatu. Kirusi, ukisema jambo lililopita, kitenzi kinaonyesha kama msemaji ni mwanamume au mwanamke. Yule ndugu, mwenye ndevu na sauti ya besi, alikuwa anasimulia kila kitu kwa kitenzi cha kike. Sokoni walimwita shoga yao, wakampunguzia bei ya nyanya, na kwa sababu hiyo akakataa kurekebishika.

Hata serikali ilimhesabu Bibi kuwa mzazi. Mgeni akifika Urusi, mwenyeji wake anatakiwa kumwandikisha ndani ya siku 7 za kazi. Kwetu ungepeleka salamu kwa mwenyekiti wa kitongoji, mkaongea habari za mvua, yakaisha. Bibi alivaa koti lake la sikukuu, akanishika mkono barabarani, na kila swali nililoulizwa dirishani akalijibu yeye. Karani akauliza nimekuja kwa madhumuni gani. Bibi akajibu kwamba ni mtoto mzuri, ila anakula kidogo.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi alinivumilia hadi theluji ikayeyuka. Zilipofika sikukuu za Mei akatangaza kwamba tunakwenda kupumzika kwenye nyumba yao ya shamba. Nikafurahi, nikafungasha kitabu na miwani ya jua. Tulipofika nikakabidhiwa beleshi na gunia la viazi vya mbegu. Mimi, niliyekimbia matuta ya mihogo Kwala kwa gharama ya ng'ombe wawili, nikasimama kwenye udongo mweusi wa Voronezh, ule unaosifiwa dunia nzima kwa rutuba, nikachimba mashimo mpaka mgongo ukagoma. Familia nzima ilikuwa imeinama huku imefurahi. Kila niliponyanyuka kuvuta pumzi, mtu alinipungia mkono na kusema hewa safi iliyoje. Jioni Bibi akanipa sifa ya kwanza tangu nifike: kwa kulima, mimi ni mtu kabisa.

Heshima yangu ya kweli niliipata kiangazi. Miji ya Urusi, wakati huo, hukata maji ya moto ili kukagua mabomba, na zoezi linaweza kufika siku 14. Nyumba ikaingia msiba. Mkwe alikuwa anahesabu siku kwenye kalenda, mwana wa Bibi anakwenda kuoga kwa rafiki mtaa wa pili. Nikawatazama watu hawa waliorusha binadamu wa kwanza angani mwaka 1961 wakiwa wameshindwa kuoga. Nikachemsha sufuria moja, nikachanganya na ya baridi kwenye ndoo, nikatafuta kopo, nikamwita Bibi na kumwonyesha: maji kidogo, sabuni, maji tena, ndoo moja inatosha mtu na masalia ya kufulia soksi. Akaingia nayo bafuni kwa mashaka. Akatoka amependeza, akawapigia simu mashoga zake wote wa ngazi ile. Jioni hiyo nilizunguka milango minne na kopo langu, mwalimu mgeni kutoka Pwani, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenisahihisha mkia wa neno.

Kozi ikaisha, nikarudi na cheti, nikaenda moja kwa moja Zanzibar kwenye bakshishi zangu. Hapo ndipo nilipogundua nilichofundishwa. Mwongozaji wa watalii anatakiwa kusema tazameni, karibuni, upande wa kulia mna jengo la kale. Mimi Kirusi changu chote ni cha Bibi: kina amri, karipio na vitisho vya mafua. Siku ya kwanza Mji Mkongwe, mama mmoja wa Kirusi alikaa kwenye baraza la mawe apumzike. Kabla sijafikiri nikasikia mdomo wangu ukifoka: "Ondoka kwenye jiwe, utaugua tumbo!" Akaruka. Kundi zima likaruka. Nikawaamuru kofia, wakavaa. Mchana nikawasimamia mpaka wakamaliza wali. Hawakubisha hata mmoja, walitii kwa macho ya watoto wa shule, lakini bakshishi haikuonekana, kwa sababu hakuna duniani anayempa bibi yake bakshishi. Baada ya wiki bosi akaniambia wageni wanalalamika kwamba walilipa pesa nyingi kuwakimbia bibi zao.

Sasa niko Kwala, na Kwala ndiyo imechangamka nikiwa sina cha kuipa. Bandari kavu ilizinduliwa Julai 31, 2025, treni ya SGR inaleta makontena, malori yanapishana kwenye barabara ya zege ya Vigwaza. Burundi wana eneo lao bandarini, Rwanda wana lao, Kongo, Zambia, Malawi. Kwenye kongani ya viwanda wako Wachina. Vijana wa kijiweni ambao hawajawahi kuvuka Chalinze wanajua Kichina cha kuombea kazi na Kifaransa cha kupandia lori la Mkongo. Mimi niliyevuka bahari nasubiri Mrusi. Juzi jirani aliniletea pampu chakavu yenye maandishi ya Kirusi ubavuni, watu wakajaa. Nikayasoma yote kwa sauti, matamshi safi, kila mkia mahali pake, nao wakanipigia makofi. Wakauliza yana maana gani. Nikawaambia kwamba pampu hiyo haitaji kofia wala chakula, hivyo mimi siwezi kuisaidia.

Jumapili Bibi alipiga simu ya video, mjukuu akiwa amemshikia. Shangazi alikuwa amekuja kutoka Maneromango, amekaa kwangu tangu Ijumaa. Jua lilikuwa linawaka, niko kichwa wazi uani.

"Shapka!" Bibi akafoka kutoka Voronezh.

"Anasemaje huyo mama?" Shangazi akauliza.

"Anakusalimu, shangazi."

"Muongo. Huyo anakugombeza, na ana haki. Lete hiyo simu."

Akaichukua. Bibi akavuta mashavu yake mwenyewe kuonyesha nilivyokonda. Shangazi akaitikia kwa kidole, akaonyesha mkono wangu ulivyo mwembamba. Bibi akasema maneno marefu kwa Kirusi, Shangazi akayajibu kwa Kizaramo, kila mmoja akimpisha mwenzake kwa adabu na kucheka panapostahili. Nilijitolea kutafsiri, nikaambiwa na wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake, ninyamaze wakubwa wanaongea. Ng'ombe wawili wa mjomba waliuzwa ili mtu mmoja katika ukoo huu azungumze na Warusi, na Shangazi anazungumza nao bure.

Walipoagana akanirudishia simu na kunisogezea sahani ya mihogo.

"Kula," akasema. "Mwenzangu amesisitiza."